Tusiwapige picha tu, tuwape kamera

Wandugu wachimbaji, wamama na vijana wa Boga, tunajua vizuri: shimo likibomoka, wengine wanatoka wazima, wengine wanapoteza mguu ao macho. Mwenye kuumia anarudi nyumbani, na toka siku ile watu wanamuonea huruma. Huruma ni nzuri, lakini haimuulizi mtu anafikiri nini.

Ndiyo maana leo tunasema juu ya sinema. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alitengeneza filamu En route pour le milliard, yenye ilichaguliwa Cannes mwaka 2020. Inafuata watu wenye mabomu yaliwakata miguu na mikono katika vita vya siku sita, Juni 2000, wakati majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya mji wao. Walipanda chombo na mikongojo yao, wakateremka mto Congo mpaka Kinshasa. Hawakuenda kuomba sadaka. Walienda kudai deni.

Deni lile linatugusa na sisi wa Ituri. Tarehe 9 Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325. Ndani yake, milioni 60 ni juu ya mali ya asili, zahabu ikiwemo.

Lakini katika filamu nyingi mlemavu anakaa mbele ya kamera, na nyuma anasimama mtu mwingine. Hivyo si lazima. Kule Marekani, Jim LeBrecht alizaliwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, anatembea na kiti cha magurudumu. Alifanya kazi ya sauti za sinema miaka mingi, kisha mwaka 2020 akatoa filamu Crip Camp pamoja na Nicole Newnham. Filamu ile ilifika mpaka kwenye mashindano ya Oscar.

Na kutazama je? Maandishi ya Kifaransa chini ya picha hayamsaidii kipofu, wala kiziwi asiyesoma Kifaransa. Lakini dawa tunayo karibu. Wale VJ wa Uganda, wenye kueleza filamu kwa sauti wakati inapita, kila mtu anawajua. Mwenye kueleza akisema pia nani ameingia na nani analia, kipofu naye atafuata hadithi yote.

Sheria ya Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu katika nchi yetu. Tusingoje Kinshasa ije kuitimiza hapa. Wenye nyumba za video watengeneze mlango wenye kiti cha magurudumu kinaweza kupita. Redio za kwetu ziwape maikro walioumia shimoni, maana sauti haihitaji miguu. Na sisi wachimbaji, tukichanga kwa mazishi, tunaweza kuchanga pia simu moja nzuri ya kupiga video, tumpe mwenzetu aliyeumia. Habari ya shimo, nani ataieleza vizuri kuliko yeye?