Uliza kompyuta kabla ya kushika spana

Jamani, hii tabia ikome. Pikapu otomatiki ikichelewa kubadili gia, au ikibadili kwa kishindo, mafundi wengi hapa Busia na Malaba wanatoa hukumu kabla ya kufungua boneti: "Giaboksi imekufa, tafuta ingine." Na mwenye gari anakopa.

Mimi kazi yangu ni programu. Programu ikikwama nasoma logi. Sinunui kompyuta mpya. Giaboksi ya kisasa nayo inaongozwa na kompyuta. Inapokea habari za mwendo, inaamuru solenoidi zifungue na kufunga njia za oili, na hitilafu nyingi inaziandika kwa namba. Soketi ya kuzisomea ina pini 16, chini ya dashibodi upande wa dereva. Marekani iliilazimisha tangu modeli za 1996!

Utaratibu ni huu. Kwanza angalia oili: kiwango, rangi, harufu ya kuungua. Pili, soma namba. P0700 inasema tu kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, endelea kutafuta. P0750 inaelekeza kwenye saketi ya solenoidi A: pima nyaya, plagi na solenoidi yenyewe. P0730 ni uwiano wa gia usio sahihi. Huenda klachi za ndani zinateleza kweli.

Mtasema namba haimalizi kila kitu. Sawa, ndiyo maana tunapima. Lakini anayeshusha giaboksi bila kusoma anapiga ramli, na ada ya ramli unalipa wewe. Akikataa kusoma, chukua funguo zako uende.