Sungura Mharibifu

Mama mmoja wa Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, alitujia na hasira. Sungura wa watoto wake ameguguna mguu wa meza, amekata waya wa taa, amefukua udongo chini ya ukuta. "Nimempiga, hasikii. Jumapili tutamla."

Sisi nasi tulipata kumpiga wetu. Alituogopa tu, na usiku akaendelea kuguguna.

Yafaa tujue asili yake. Kalulu wa hadithi zetu hulala juu ya ardhi, majanini. Huyu wa nyumbani asili yake ni Hispania na Ureno, na jamaa zake huko hukaa mashimoni. Kwa hiyo huchimba. Tena meno yake hukua maisha yake yote. Asipoyasugua kwa kutafuna, yatarefuka hata ashindwe kula.

Basi apewe nyasi kavu tele kila siku, na vijiti vya mpera. Awekewe sanduku la udongo, achimbe humo. Jike akichimba mno, huenda ana mimba, ambayo huchukua siku 31 hivi: apewe kisanduku chenye majani makavu. Nyaya ziinuliwe, zisije zikamwua yeye na kuiteketeza nyumba.

Mama alikubali kujaribu, na sungura yu hai.

Wazazi wapenzi, watoto wanatutazama. Tukimpiga mnyama kwa sababu ya maumbile aliyopewa na Muumba, kesho watampiga nani?