Wacheni Kuuzia Shosh Dawa, Angalieni Menyu ya Kiwavi

Wasee, tuongee kuhusu hizi video za "puliza hii, viwavi wote chini." Kila mahindi yakifika magoti ni hizo tu. Kijana na gambuti safi ambazo hazijawahi kuona matope, chupa mkononi, namba ya simu chini. Mnazituma kwa grupu ya familia, halafu shosh anapiga simu kutoka ushago akiomba pesa ya dawa. Na anayetuma hiyo doo ni nani? Mimi na wewe, wenye hata rent inatutoa jasho.

Sisemi dawa haiui. Nasema hakuna mtu anauliza huyu mdudu anakula nini mpaka ananona hivi.

Viwavi jeshi waligunduliwa Afrika 2016, na kufikia 2017 walikuwa Kenya. Wanaweza kula zaidi ya aina 350 za mimea, so unadhani kwao yote ni msosi tu. Zii. Mmea anaokulia kiwavi ndio unaamua atakua haraka au atadumaa, na akigeuka nondo atakuwa na mayai mangapi. Mpe mahindi machanga na joto, kwa karibu mwezi mmoja ametoka yai mpaka nondo, na jike mmoja anataga mayai zaidi ya elfu moja. Mpe mmea usiomfaa, anachelewa. Kila siku anayochelewa ni siku ingine ya nyigu na siafu kumpata.

Sasa angalia ushago kwenu. Mahindi, ua, mahindi ya jirani, msimu baada ya msimu. Tumemfungulia hoteli! Akishanenepa anajificha ndani ya moyo wa mhindi, juu anaziba na kinyesi chake, na hapo dawa yako haimfikii. Shosh amepuliza bila maski, amekohoa wiki nzima, kiwavi amelala.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jibu lilipatikana hapa hapa. Tangu miaka ya 1990 wanasayansi wa icipe kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wamekuwa wakifanya kitu kinaitwa vuta-sukuma. Unazungushia mahindi nyasi ya nepia. Nondo wa kiwavi mtoboa mabua anaipenda kuliko mahindi yenyewe, anataga hapo. Watoto wakianza kutoboa, nyasi inatoa utomvu unaonata na wengi wanafia humo. Yaani mama amewapangia nyumba mbaya. Katikati ya mahindi unaweka desmodiamu, ambayo nondo hawaitaki kabisa. Kwa sehemu kavu nepia ikabadilishwa na brakiaria, na matokeo yaliyochapishwa 2018 kutoka mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania yalionyesha viwavi jeshi kwa kila mhindi wamepungua kwa zaidi ya 80%.

Najua mtasema shamba ni dogo. Nepia inakaa pembeni na ng'ombe anaila. Desmodiamu inarutubisha udongo na kukaba kiduha, ile gugu ya maua ya zambarau inayonyonya mahindi huko Magharibi na Nyanza. Shida ya ukweli ni ingine: mbegu ya desmodiamu ni ghali, si kila agroveti inayo, na msimu wa kwanza unapalilia kwa mkono mpaka mgongo ulie. Hiyo ndiyo kaunti ingelipia, badala ya kupiga picha na maboksi ya dawa.

Na wewe mwenye wafuasi laki mbili, next time uonyeshe chupa, zungusha kamera tuone kando ya hayo mahindi kumepandwa nini. Halafu utuambie hiyo video umelipwa ngapi.