'Hustle': Neno moja, kazi mia, mkataba hakuna

Mpigie rafiki yako simu leo saa nane mchana umuulize yuko wapi. Atakujibu, "Niko kwa haso." Sasa hapo umeelewa nini? Huenda yuko kwenye mjengo Ruaka akibeba mawe. Huenda yuko ofisini Westlands akifanya kazi ya mtu mzima kwa jina la mafunzo, bila malipo, na huu ni mwezi wa saba. Huenda anauza viatu vya mtumba Gikomba, anaendesha boda, au anamwandikia mwanafunzi wa ng'ambo insha ambayo mwenyewe ataipatia alama. Huenda pia ndiye anayemtumia mama ya mtu ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii". Yote haso. Kazi halali, kazi ya bure na wizi vimetiwa kwenye gunia moja, na hakuna anayeshtuka.

Usishangae, maana neno lenyewe lilitufikia likiwa limetembea sana. Waingereza walilichukua kwa Waholanzi katika karne ya 17, na huko lilimaanisha kutikisa tu. Kulikuwa na mchezo wa kamari ambapo sarafu zilitiwa ndani ya kofia zikatikiswa. Kutoka kutikisa sarafu likaja kumaanisha kusukuma watu, na mwanzoni mwa karne ya 19 'hustler' alikuwa mwizi: mmoja wa genge linalokusonga kwenye umati huku mwenzao ameshaingiza mkono mfukoni mwako. (Kama umewahi kupanda matatu mjini saa za jioni mvua ikinyesha, kazi hiyo unaifahamu bila kamusi.)

Wamarekani ndio waliolisafisha. Kufikia mwisho wa karne hiyo, kwao 'hustler' alikuwa mtu mchangamfu, mwenye bidii, asiyengoja kuitwa. Lakini halikutakata kabisa. Katika karne ya 20 liliendelea kuwaita makahaba na matapeli. Katika filamu ya 1961 iitwayo The Hustler, Paul Newman anaigiza mcheza pool anayeishi kwa kuwala wenzake pesa mezani. Mwaka wa 1975 Van McCoy akatoa wimbo wa dansi wenye jina hilohilo, watu wakalicheza neno. Halafu hip hop ikalibeba hadi kwenye spika za matatu zetu, na sisi tukalikata mkia: haso.

Mwaka wa 2022 likaingia kwenye karatasi ya kura, tuseme. William Ruto aliomba urais kama kiongozi wa mahasla dhidi ya watoto wa vigogo, akisimulia alivyouza kuku kando ya barabara. Alikuwa amekaa miaka tisa katika kiti cha Naibu Rais. Mtu mwenye walinzi na helikopta, na mama mboga wa Githurai anayekimbizwa na kanjo, wote walitoshea katika neno moja, na neno halikupasuka. Novemba 30 mwaka huohuo Hazina ya Hasla ikazinduliwa: mkopo wa kuanzia Sh500 hadi Sh50,000 kwa simu, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ulipe ndani ya siku 14. Hatusemi mkopo huo haujamsaidia mtu. Tunasema angalia jibu lilivyofanana na neno. Ukimwita mtu hasla, tayari umeamua kwamba anachokosa ni mtaji kidogo ili akimbie zaidi. Kwamba anaweza kuwa anakosa mwajiri, neno halilionyeshi hilo.

Tuelewane. Kuna fahari ya kweli katika haso, na vijana hawakuizua bure. Umesoma miaka minne, umetuma barua za kazi hadi umechoka kuhesabu, halafu jirani anakuuliza unafanya nini siku hizi. Kusema "nahaso" kunakusitiri. Kunamwambia hujalala, huombi, huibi. Anayedharau hilo hajawahi kuulizwa swali hilo na mama yake.

Lakini linganisha na majina ambayo lugha yetu ilikuwa nayo kabla. Chukua 'kibarua'. Limetoka kwa barua: mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi ambacho siku alizofanya kazi ziliwekwa alama. Maisha ya kibarua hayakuwa matamu hata kidogo, ila hata jina lake lilibeba ushahidi. Kuna karatasi, kuna siku zilizohesabiwa, kuna mtu anayedaiwa.

Au chukua 'jua kali'. Mafundi wa Kamukunji na Gikomba waliitwa hivyo kwa sababu walikuwa wakigonga mabati juani, bila paa. Jina lenyewe lilikuwa malalamiko. Mtu akilisikia anajua papo hapo kinachokosekana, ndiyo maana miaka ya 1980 Serikali ya Moi ilianza kuwajengea mabanda. Machache, ndiyo, na wengi bado wako juani hadi leo. Wahenga walituahidi kwamba mchumia juani hulia kivulini. Hao wamechuma maisha yao yote na kivuli hawajakiona. Lakini angalau jina lilijua kudai.

Haso linadai nini? Halidai kitu. Linakusifu kwa kuhangaika, basi. Na halihusu wachache: kwa hesabu za Shirika la Takwimu la Kitaifa (KNBS), ukiwaacha wakulima wadogo, zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi wenye kazi Kenya wako katika sekta isiyo rasmi. Umati wote huo ukijiita mahasla, bosi anapumua. Hasla haombi likizo. Hasla akivunjika mguu akipeleka chakula cha mteja, hiyo ni ajali yake na pikipiki yake. Kuna kampuni zinazowaita waendeshaji wao 'washirika', neno jingine tamu, na ukiuliza ushirika huo una hisa ngapi utaondolewa kwenye programu kabla hujamaliza sentensi.

Sasa, kama unauza nguo zako mwenyewe, wewe ni mfanyabiashara. Jiite hivyo, na uidai kaunti choo, taa na mahali pa kuuzia. Lakini kama kuna mtu anayekupangia saa za kuingia, anayekutuma na kukulipa, huyo ni mwajiri, hata kama mnaitana 'bro'. Sheria ya Ajira ya 2007 haijui haso. Inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Inasema kibarua wa kutwa akifanya kazi mfululizo hadi siku zake zitimize mwezi, anahesabiwa mwajiriwa wa mwezi, wa kupewa notisi kabla ya kuachishwa. Ukitimiza mwaka, unastahili siku 21 za kazi za likizo yenye malipo. Hiyo si hisani ya bosi.

Tunajua utakavyojibu: "Nikiitisha mkataba nitafutwa, na kuna wenzangu hamsini nje wanangoja." Ni kweli, na hatutakudanganya kwamba kifungu cha sheria kinalipa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Huenda usiweze kuitisha leo. Ila mkifika mahakamani na mwajiri hana mkataba wa kuonyesha, sheria inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Wewe utahitaji kuonyesha tu kwamba ulikuwa ukimfanyia kazi. Kwa hiyo zile jumbe za M-Pesa zenye jina la anayekulipa, na zile za WhatsApp za "kesho ingia saa moja", usizifute ukitafuta nafasi ya video kwenye simu.