Mwenyekiti alikuja kukamata dubwi, akabaki kuua bata

Mnanijua sina siri na nyinyi, kwa hiyo wiki hii naanza na aibu ya nyumbani kwangu.

Ninaishi na mpwa wangu, mtoto wa dada, miaka 13, hapa hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho alikwenda kwa bibi yake Newala, akaokota korosho mpaka mgongo ukamkatika, akarudi na elfu 18 zake mfukoni. Makubaliano yetu: viatu vya shule. Wiki mbili zikapita, viatu sivioni. Namuuliza, anaangalia dari. Namuuliza tena, machozi. Kumbe mwenzenu zote kalilisha dubwi!

Kwa wale wa ushuani msiolijua, dubwi ni ile mashine ya kamari ya Kichina inayokaa nje ya grosari, inameza sarafu ya 200, taa zinazunguka weee, halafu kimya. Ukila mara moja unasahau ulivyoliwa mara kumi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini dubwi halina mdomo wa kuuliza umri, na mwenye grosari yuko bize na friji lake.

Nikavua mkanda. Kwetu Umakondeni mjomba ana sauti kuliko baba, kwa hiyo haki ya kuchapa ninayo. Lakini mkono ukaganda hewani. Nikajikumbuka mwenyewe mwaka 1996, umri kama wake, nikichomoa shilingi kwenye kopo la maandazi la bi mkubwa na kukimbilia banda la gemu. Televisheni Bara zilikuwa na miaka miwili tu tangu zianze kurusha matangazo, na sisi tayari tulikuwa tunapigana vita ya Contra, watoto kumi tumebanana nyuma ya pedi mbili, jasho tupu. Bi mkubwa hajui mpaka leo. (Kama unasoma, mama, shikamoo.)

Basi nikaufunga mkanda wangu kiunoni, nikamwambia: "Kesho tunatengeneza dubwi letu, lisilokula hela."

Zile mashine tulikuwa tunaziita Nintendo, lakini Nintendo yenyewe wengi wetu hatukuwahi kuigusa. Wajapani walitoa Family Computer yao tarehe 15 Julai 1983, mbunifu wake akiwa injinia Masayuki Uemura, aliyefariki mwaka 2021. Viwanda vya Taiwan na China vikaidurufu mpaka basi, na hizo nakala ndizo zilizotufikia sisi. Nikaipata moja kwa fundi redio sokoni, na kaseti tatu, elfu 20 pamoja na stori.

TV nilitaka kichogo, inchi 14. Watu wanazitupa tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa mwishoni mwa 2012, na wanafanya kosa. Ukiiunganisha mashine hii ya zamani na flati skrini, picha inachelewa kidogo. Unabonyeza kuruka, Mario anaruka akiwa keshatumbukia shimoni. Na ule mchezo wa kupiga bata kwa bunduki kwenye flati haufanyi kazi kabisa. Ukifyatua, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata panawaka cheupe, na jicho lililo ndani ya mtutu linatazama kama limeuona ule mwanga. Yaani si wewe unayempiga bata, ni bata anayekumulika wewe!

Ila msijifanye mafundi mkakifungua kichogo chenyewe. Ile chupa ya nyuma inaweza kubaki na maelfu ya volti hata ukiwa umeshachomoa waya ukutani. Mimi niliitumbukiza TV kwenye kasha nzima nzima na ganda lake, nikaacha matundu ya hewa nyuma.

Kasha tulilichongesha Mikindani, kwa mzee mmoja seremala wa milango na majeneza. Plaiwudi ya milimita 12, pande mbili zimekatwa kama herufi S iliyolewa, uso umelala kidogo, urefu wa kukaa mezani. Mzee akauangalia mchoro, akamwangalia mpwa wangu, akauliza taratibu, "Msiba uko wapi, wanangu?" Tulipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, akatukatia bei kwa kicheko hicho.

Jostiki na batani za milimita 30 ziliagizwa Kariakoo zikaja kwa basi. Enzi zetu, kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, ungesubiri meli au kivuko mpaka hamu ya gemu ikuishe. Dogo akalaza kiganja chake kwenye karatasi, akakichora, na matundu ya batani tukayatoboa vidole vyake vinapoishia. Wazo lake hilo, mimi nilikuwa nimeshika rula kama mwalimu.

Kazi ikawa nyaya. Pedi ya zamani ukiifungua ina mambo manane: njia nne, A, B, Select na Start, pamoja na waya mmoja wa pamoja unaorudi. Jumla tisa. Mimi nikanunua kebo ya intaneti, ndani ina nyaya nane. Ukapa huo! Wa tisa tukaung'oa kwenye chaja mbovu ya simu. Tukalehemu usiku kucha, tukawasha, Mario akaanza kukimbia mwenyewe bila kuguswa. Dogo akasema nyumba ina jini. Jini gani, nilikuwa nimekosea mguu wa swichi: kila swichi ina miguu mitatu, mmoja unaunganisha ukibonyeza, mwingine unaunganisha usipobonyeza, na mimi nikachagua huo wa pili. Tulipomaliza hilo, tukisukuma juu anakwenda chini. Kumbe fimbo ya jostiki ukiisukuma juu, tako lake linabonyeza swichi ya chini. Hili aliligundua dogo, mimi nimelala kwenye kochi.

Kaseti ikigoma msipulize, jamani. Sisi sote tulipuliza, lakini mate yanaongeza kutu, na upepo wa bahari yetu una chumvi yake ya kutosha. Sugua meno ya kaseti kwa ufutio wa penseli, pangusa kwa spiriti, acha ikauke.

Jumamosi muziki ukasikika mpaka barabarani. Saa kumi hodi, mwenyekiti wa mtaa na wazee wawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, nimeletewa taarifa unachezesha watoto kamari. Kibali kiko wapi?"

Nikampitisha sebuleni. Akalizunguka kasha, akapapasa mbele, akapapasa pembeni, akainama kutafuta.

"Sarafu inaingilia wapi?"

"Haiingii, mzee."

"Sasa unakula nini?"

Dogo akampa bunduki. Bata wa kwanza akaponyoka, wa pili akaponyoka, yule mbwa wa kwenye mchezo akatoka majanini akamcheka mwenyekiti wa serikali ya mtaa waziwazi. Mzee akavua kofia, akaomba kiti. Tulimtoa magharibi ilipoadhiniwa.

Sasa juzi dogo kaja na hesabu zake. "Mjomba, tutoboe tundu la sarafu. Mia mia tu. Kwa mwezi viatu vinarudi." Nikamwambia hapana, akauliza kwa nini, kwani si kamari, mtu anacheza anaondoka. Nikatafuta jibu, sikulipata haraka. Nimemwambia tutaongea.

Alhamisi nilimtuma mkate, chenji ilipungua 200. Sikusema kitu. Ijumaa nikamtuma tena na noti ile ile ya elfu tano, nikakaa dirishani. Alipita mbele ya grosari, akasimama kidogo, akapita. Chenji ilikuwa kamili, niliihesabu mara tatu.