Mizani ya watoto ikidanganya

Siku ya kilo tunaangalia sana kadi ya mtoto, lakini mizani yenyewe hatuiulizi kitu. Na mizani nayo inachoka.

Tuchukue mtoto wa kike wa miezi 12. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, akiwa chini ya kilo 7 uzito wake haufikii umri wake. Sasa huyo ana kilo 6.7, na mizani inazidisha gramu 400. Itasoma 7.1. Mama anapongezwa na anarudi nyumbani, wakati mtoto alipaswa kufuatwa tangu siku hiyo.

Kuijaribu si kazi ya wakubwa tu. Ikiwa tupu, isome sifuri. Ile ya kutundika ina visi ya kurudisha mshale kwenye sifuri, na hiyo muuguzi anaweza kuigusa. Lakini sifuri haitoshi: mizani inaweza kuanza vizuri na kudanganya kwenye kilo 10. Pimeni bidoni tupu, mtie maji litre 5, halafu 10. Litre moja ya maji ni kilo moja. Kikizidi au kikipungua, andikeni kiasi gani na tarehe.

Ile ya kutundika ikilegea springi, kwa maoni yangu msihangaike: kuituma ng'ambo kunaweza kupita bei ya mpya. Ombeni nyingine kwenye zone ya afya. Ile ya umeme, ambayo mama anapanda akiwa na mtoto, ni ya bei, hiyo irudishwe kwa walioitengeneza au kwa fundi wanaomtambua. Fundi wa simu asiifungue, hata akiwa shemeji. Ikishafunguliwa, kiwanda kinaweza kukataa garanti. Zone iulize kwanza na OCC, ile tunayoijua mpakani, maana kazi ya vipimo nayo ni yao.

Kabla ya kuituma, isafishwe, ikauke, betri zitolewe, ifungwe vizuri kwenye katoni. Ndani muweke barua: namba iliyo kwenye mizani, inavyosumbua, na jaribio lenu la maji. Anayeipokea atie sahihi, na nakala ibaki kwenye kituo. Vyombo vingi vimepotea njiani kwa kuwa hakuna aliyesaini.

Ikirudi, wengi wanauliza tu kama imepona. Ombeni karatasi inayoonyesha ilikuwa inasoma ngapi KABLA haijarekebishwa. Kwa namba hiyo, na tarehe ya mwisho mliyoijaribu ikiwa sawa, kituo kitajua watoto gani waitwe kupimwa upya. Bila hiyo karatasi, makosa ya zamani yanabaki kwenye kadi.

Wakati mizani haipo, siku ya kilo isifungwe. Mkanda wa mkono unatumika kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya milimita 115 ni nyekundu, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo; kati ya 115 na 125 ni manjano, afuatwe. Bonyezeni na miguu yote miwili, kwani mtoto aliyevimba anapelekwa hata kama mkanda ni kijani. Wadogo chini ya miezi 6 hawapimwi kwa mipaka hiyo. Hao wapelekwe kituo cha jirani chenye mizani nzima.