Taa za motokari ya zamani

Kama motokari yenu ni ya miaka mingi, Land Rover ao Toyota, sikia jambo lililotupata sisi.

Tulitoka Nyangwe jioni, tukimpeleka mama mgonjwa katika hospitali ya Kasongo. Katikati ya njia taa mbili za mbele zikazimika. Shofere akakuta fyuzi imeungua. Akachukua karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara, akaizungusha juu ya fyuzi ile, taa zikawaka. Sote tukamsifu! Hatukuenda mbali, moshi ukatoka chini ya usukani. Akaing'oa karatasi mbio mbio, na kijana mmoja akatangulia kwa miguu na tochi mpaka karibu na mapambazuko. Mama alipona, lakini usiku ule ulikuwa mrefu sana.

Asubuhi tukaona sababu: waya wa taa umechubuka pale unapopita katika tundu la bati, na kila shimo la barabara liliufanya uguse chuma. Fyuzi iliungua ili waya usiungue. Taa mbili za wati 60, kwa batri ya volti 12, zinavuta ampea kama 10 tu. Ukiweka karatasi ao musumari pale, hakuna kitu tena cha kukatika mbele ya waya wenyewe. Kijana, usifanye vile hata siku moja. Fyuzi ikiungua mara mbili, fuata waya kwa mkono, fasi kwa fasi, mpaka uone kidonda chake.

Na kama taa moja tu inawaka hafifu? Usikimbilie kununua ampuli. Mara nyingi ubaya ni masi, ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya motokari. Kutu na matope vinauzuia. Chukua kipande cha waya, gusisha masi ya taa ile na upande wa kutoa wa batri. Ikiwaka vizuri, umekwisha kuona ugonjwa: piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo.

Zikiwa hafifu zote mbili, lakini zinaongeza nguvu ukikanyaga mafuta, angalia mukaba wa dinamo na vichwa vya batri. Ampuli zikiungua ovyo ovyo, fundi apime umeme injini ikinguruma: ukipita volti 15, dinamo inatoa mingi kupita kiasi.

Sisi sasa tunabeba fyuzi tano za akiba, za ampea ile ile. Na tochi, bila shaka.